Husuni Kubwa: Jumba Lililoitwa Ngome

Malenga wenzangu na wapenzi wa lugha, leo nimekuja jamvini kukiri kosa la ubeti mmoja. Niliutunga nikiwa kijana, kabla sijaikanyaga Kilwa Kisiwani. Nikausoma mbele ya watu, nikapigiwa makofi. Mizani yake ni kamili na vina vyake havina kasoro, lakini habari yake si kweli. Nauweka hapa kama ulivyokuwa:

Husuni juu jabali, Kilwa ilijenga ngome,
Ukuta wake mkali, hata waje wanaume,
Mizinga ikakabili, meli zote zisimame,
Kila mja asaili, mlangoni ainame.

Wakati ule nilijua mambo mawili tu. La kwanza, kwamba kisiwani Kilwa yapo magofu yaitwayo Husuni Kubwa, jengo la mawe lililoyapita kwa ukubwa majengo yote ya zama zake katika pwani yetu. La pili, kwamba husuni ni neno tulilolipata kwa Waarabu, na maana yake ni ngome. Nikaona yananitosha. Jina likanipa ngome, ngome ikanipa kina cha "me", na kina kikaniletea wanaume, meli zilizosimama na mja aliyeinama. Mizinga sikuitafuta, ilikuja yenyewe, kwa kuwa ngome isiyo na mizinga haikunikalia vizuri mdomoni.

Miaka mingi baadaye nilivuka kutoka Kilwa Masoko kwa mashua ya tanga. Mzee mmoja wa kisiwani alikubali kututembeza. Tulipofika juu ya jabali, penye magofu yenyewe, nilishindwa kujizuia, nikamsomea ubeti wangu. Alinisikiliza hadi kituo.

"Umetunga vizuri, mwanangu," akasema. "Sasa nionyeshe. Hiyo mizinga uliiweka wapi?"

Nikageuka huku na huku. Sikuona mahali pa kuwekea mzinga, wala tundu la kupigia mshale, wala mnara wa mlinzi.

"Siioni, mzee."

"Basi tutembee, uone kilichopo."

Kilichopo ndicho ninachotaka kukisimulia, kwa sababu siku ile nilijifunza kwamba jengo lina lugha yake, na kwamba jina lake linaweza kusema jambo jingine kabisa.

Husuni Kubwa imekaa kwenye rasi, mashariki ya mji wa kale, mahali ambapo ardhi inakatika ghafla na kuitazama bahari. Upande wa kusini upo ua mpana wa mraba uliozungukwa na vyumba vingi vyembamba. Wachunguzi wengi wanaona kwamba hivyo vilikuwa ghala, na kwamba uani ndipo biashara ilipofanyika. Kutoka hapo mtu anaingia katika sehemu ya kaskazini, makazi yenyewe ya sultani, yenye nyua zinazofuatana. Ua mmoja una ngazi za mawe zilizopangwa kama viti vya baraza. Mwingine una birika kubwa la kuogea lenye pembe nane, limechongwa kwa utulivu mkubwa hata leo mtu hutamani kukaa kingoni mwake. Jumla ya vyumba ni zaidi ya 100. Mwisho kabisa, upande wa bahari, zipo ngazi zinazoteremka kuelekea ufukweni.

Mtu anayeogopa adui hajengi ngazi za kumpandisha kutoka pwani. Jengo hili lilijengwa kwa ajili ya kupokea: kupokea meli, kupokea wageni, kupokea mizigo, kupokea sifa. Kwa neno letu la leo ni kasri. Ngome halikuwa.

Aliyelijenga anatajwa kuwa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyetawala takriban kati ya 1310 na 1333. Alikuwa wa ukoo wa Mahdali, uliotwaa madaraka ya Kilwa mwishoni mwa karne ya 13. Jambo hili lina uzito wake. Ukoo ulioketi juu ya kiti kwa karne nyingi hauna haja ya kupaza sauti. Ukoo mpya huhitaji kuonekana. Sultani huyo huyo aliupanua Msikiti Mkuu wa Kilwa, akauongezea nguzo, matao na makuba. Msikitini alijenga katikati ya mji, mahali pa watu wote. Kasri alilipeleka mbali kidogo, juu ya jabali, ili nahodha aingiaye bandarini alione kabla hajaiona nyumba nyingine yoyote.

Uwezo wa kujenga hivyo ulitoka baharini. Mabaharia wa Arabuni, Uajemi na Bara Hindi walikuja na kaskazi na kurudi na kusi. Kilwa ilikuwa karibu na mwisho wa mahali ambapo jahazi liliweza kufika na kugeuza katika msimu mmoja. Dhahabu iliyotoka bara kupitia Sofala, kusini zaidi, ilibidi ifikishwe Kilwa kwanza, na kila mzigo uliopita uliacha ushuru. Sarafu moja ya shaba yenye jina la al-Hasan bin Sulaiman imepatikana Great Zimbabwe, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka kisiwani. Huo ndio urefu wa mkono wa mji ule.

Na kwa kuwa hapa ni kwa washairi, nizitaje sarafu hizo kwa sababu nyingine. Nyingi kati ya sarafu za Kilwa zina vina. Upande mmoja umeandikwa jina la mtawala kwa Kiarabu. Upande wa pili umeandikwa kwamba yeye humtegemea Mola mwenye neema. Mwisho wa maneno ya upande wa kwanza unagongana kwa mlio na mwisho wa maneno ya upande wa pili. Mtu alipoigeuza sarafu kiganjani alikuwa anatoka kina hadi kina. Sijui mji mwingine wa pwani yetu ulioipa shaba heshima hiyo.

Turudi kwenye kuta. Yule mzee alinisimamisha ndani ya chumba kimoja akaniambia nikipime kwa hatua. Kwenda urefu, nilitembea hatua nyingi. Kwenda upana, hatua chache nikafika ukutani. Tukaingia cha pili, kikawa vile vile, na cha tatu.

"Unajua kwa nini?" akauliza.

Nikakisia kwamba labda ni kwa ajili ya ubaridi.

"Ni boriti," akasema. "Mkoko hauendi mbali zaidi ya hapo."

Nilikaa kimya. Paa la nyumba ya mawe ya Waswahili hubebwa na boriti za mikoko, na boriti moja haiwezi kuvuka nafasi pana huku imebeba uzito wa mawe na chokaa juu yake. Kwa hiyo upana wa chumba haupiti sana mita 3, awe mwenye nyumba ni mfanyabiashara wa kawaida au ni sultani mwenye dhahabu ya Sofala. Alipotaka kuupita mpaka huo, fundi aliacha boriti akajenga kuba. Mahali pengine pote, mti uotao katika tope la mwambao ndio uliotoa hukumu.

Kuta nazo ni za bahari hiyo hiyo. Mawe ni ya matumbawe. Yaliyochimbwa katika miamba ya nchi kavu yalijaza ukuta, na yale laini yaliyotolewa majini yalichongwa kabla hayajakauka, yakawa vizingiti, matao na nakshi. Chokaa ni matumbawe pia, yaliyochomwa tanurini kwa kuni hadi yakawa unga. Waashi walijua mitindo ya mbali. Nyua na birika lile zinafanana na kazi za nchi za Kiislamu za kaskazini, na wataalamu wamezilinganisha nazo. Lakini zama zilizopita waliandika watu ambao kila walipoona jiwe lililochongwa Kilwa walitafuta mgeni wa kumpa sifa yake. Ningependa kila mmoja wao angepimishwa vile vyumba kwa hatua. Mgeni anaweza kuleta mchoro wa birika. Kipimo cha boriti hujulikana na fundi aliyekulia kando ya mikoko.

Mwaka 1331 Ibn Battuta alifika Kilwa, wakati al-Hasan bin Sulaiman yuko hai. Aliusifu mji kuwa miongoni mwa miji mizuri, akaeleza kwamba majengo yake ni ya miti. Kasri hakulitaja. Wasomaji wengi wamelistaajabia hilo. Mimi nalisoma hivi: mji mzima, isipokuwa majengo machache, ulikuwa kweli wa miti, udongo na makuti. Nyumba za mawe ziliongezeka baadaye, katika kizazi kilichofuata na karne ya 15. Hebu waza basi lile jabali lilivyoonekana kwa mvuvi wa siku hizo. Nyumba yake ya udongo, ya jirani yake ya udongo, na kule juu mlima mweupe wa chokaa unaong'aa juani. Alama ya mji haikuhitaji mizinga ili iogopwe.

Ibn Battuta alimsimulia pia sultani mwenyewe, aliyeitwa Abu al-Mawahib, yaani baba wa vipaji, kwa ukarimu wake. Fakiri mmoja wa Yemeni alimwomba mavazi aliyoyavaa, naye akaingia ndani, akayavua, akampa. Mwanawe akayakomboa mavazi yale kwa kumpa fakiri watumwa 10, na sultani, aliposikia watu wanavyosifu, akaongeza watumwa wengine 10 na mizigo 2 ya pembe za ndovu. Hadithi hii tumezoea kuisimulia kama sifa. Mimi siwezi tena kuipita haraka. Watu 20 walitolewa kwa siku moja kama shukrani ya kanzu. Ibn Battuta anasema pia kwamba sultani alikuwa akifanya vita katika nchi za bara na kuteka ngawira. Ukarimu ule ulikuwa na bei, na aliyeilipa hakutajwa jina. Nikiitazama ile ghala yenye vyumba vingi, nalazimika kukumbuka kwamba sifa za jengo na machozi ya watu vinaweza kukaa chini ya paa moja. Mshairi anayeisifu Kilwa na asiyataje hayo anarudia kosa langu kwa njia nyingine.

Baada ya al-Hasan alitawala ndugu yake, Daudi. Ibn Battuta anamweleza kuwa kinyume chake: mwombaji alipokuja aliambiwa kwamba mtoaji amekufa na hakuacha cha kutoa. Na jumba lile? Neville Chittick, aliyefukua magofu ya Kilwa hasa katika miaka ya 1960, aliona kwamba liliishi muda mfupi tu, na kwamba sehemu zake hazikumalizwa. Jengo kubwa kuliko yote likawa pia lililotumika kidogo kuliko yote. Watawala waliofuata walirudi kuishi mjini.

Hapo ndipo historia inapogeuka kuwa habari ya lugha. Kasri lililoachwa huanza kusahauliwa. Paa likaanguka, miti ikaota uani, wajukuu wakakuta kuta nene juu ya jabali bila mtu wa kuwaeleza zilikuwa za nini. Kuvuka korongo tu lipo jengo jingine, lenye umbo la mstatili, kuta nene na minara ubavuni. Hilo ndilo lina sura ya ngome, na linaitwa Husuni Ndogo. Huenda jina lilianzia kwa dogo likahamia kwa kubwa. Huenda wajukuu, walioishi katika karne zilizokuwa na hofu zaidi kuliko za babu zao, hawakuweza kuwaza kwamba mtu angejenga juu ya bahari kwa sababu nyingine isipokuwa kujilinda.

Na walikuwa na haki ya kuogopa. Mwaka 1502 Vasco da Gama alifika na kuilazimisha Kilwa kulipa kodi ya dhahabu. Dhahabu hiyo ilipelekwa Lisbon na mwaka 1506 ikawa chombo cha ibada kiitwacho Custódia de Belém, ambacho kipo makumbusho hadi leo. Mwaka 1505 Francisco de Almeida alikuja na meli za kivita, akauteka mji na kuupora, kisha Wareno wakajenga ngome ufukweni. Waliihama mwaka 1512. Juu ya mabaki yake, karibu na mwaka 1800, wakati wa utawala wa Waomani, ilijengwa ngome inayoonekana sasa.

Hiyo ngome ya kweli inaitwaje? Inaitwa Gereza. Neno hilo asili yake ni la Kireno, igreja, maana yake kanisa. Ndani ya ngome za Wareno palikuwa na kanisa; wenyeji wakalichukua jina la kanisa wakalipa ngome nzima; baadaye ngome zikafungiwa watu, na leo gereza kwetu ni mahali pa wafungwa tu. Basi kisiwani Kilwa liko jumba la anasa lenye jina la ngome, na iko ngome yenye jina la kanisa. La tatu ni kasri la karne ya 18, lenye ukuta mkubwa wa kujihami, ambalo watu waliliita Makutani, yaani penye kuta. Hao walisema walichokiona.

Nalo neno kasri, ambalo nimesema lingeifaa Husuni Kubwa, lina safari yake. Waarabu walilipata kutoka Kilatini, castrum, ambalo lilikuwa kambi ya askari. Kutoka tumbo hilo hilo limezaliwa castelo la Wareno, jina la ngome za mabwana wao wa kale. Ndugu mmoja alikwenda Ulaya akabaki na upanga. Mwingine alipitia Arabuni akaja kwetu amevaa hariri. Kambi ikawa jumba, na jumba la Kilwa likaitwa ngome. Maneno hubadilishana nyumba kama watu.

Je, turekebishe? Nimewahi kusikia mtu akipendekeza kwamba Husuni Kubwa ipewe jina sahihi. Mimi siafiki. Jina lile ni sehemu ya magofu. Ni tabaka la mwisho la chokaa, lililopakwa na watu waliokuja baada ya paa kuanguka. Tukilibandua, tutapoteza ushahidi wa jinsi Kilwa yenyewe ilivyojikumbuka baada ya 1505: mji uliokuwa umezoea kupokea meli, ukajifunza kuzitazama kwa wasiwasi. Linalotupasa ni kulisoma jina kama tunavyousoma ukuta, kwa kuuliza nani aliliweka, na lini.

Kuta zenyewe hazina subira ya kutosha kutungoja. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, yakaondolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya kuyahifadhi. Lakini chumvi, mvua na mizizi havisomi orodha, na bahari inaendelea kuula mwambao. Wakati wa kuondoka nilimwona yule mzee akiinama, akaokota kipande cha lipu kilichodondoka njiani, akakirudisha juu ya ukuta taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala. Hakusema neno.

Ubeti wangu sikuuchana. Nimeutunga upya kwa vina vile vile, ili makofi niliyopewa zamani yapate walau kuwa deni lililolipwa:

Husuni jina si hali, jengo halikuwa ngome,
Ngazi zashuka kwa mbali, baharini zitazame,
Boriti ndizo kauli, chumba wapi kisimame,
Ewe mja tafadhali, jina kwanza ulisome.

Bado haujatosha. Wale watu 20 hawamo, na sijapata mizani ya kuwabeba. Kama yupo malenga miongoni mwenu atakayeweza, kamba nampa. Na nyote mnaoishi karibu na magofu yoyote, Gedi, Kaole, Kunduchi, Pate au kwingineko, tuandikieni: wenyeji wanayaitaje, na jina hilo linakubaliana na kuta, au linasimulia hofu ya wajukuu?